Mwaka wa Kuita Majina

Ibada ya kumuaga Mzee Wekesa ilifanyika Ntinda, Kampala, katika kanisa alilolipigia kinanda miaka yake ya uzeeni, kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao Kenya. Sisi tuliobaki wa Bendi ya Vilima Saba tulikaa benchi moja na nafasi ikabaki. Baada ya ibada tulikula wali na kuku uani kwake, na mjukuu wake, msichana anayesoma chuo pale Kyambogo, akaja kuketi karibu nami na sahani yake mapajani. "Mama Adong," akasema, "babu alikuwa anatuambia hapakuwa na mtu mji huu wa kupuliza saksafoni kama wewe. Sisi tumekujua redioni tu. Kwa nini uliacha bendi?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: nilipata kazi. Akaridhika, akaenda kuongeza mchuzi. Mimi nikabaki nawatazama watu wakicheka kwa sauti mchana kweupe, nikajiuliza ningewezaje kumweleza mtoto aliyezaliwa mji ukiwa umetulia kwamba siku niliyoitwa redioni nilimkabidhi mwenye nyumba ufunguo wa chumba changu, kwa kuwa sikutegemea kurudi.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya serikali kubadilika. Watu walisema vita vimeisha, na Kampala kweli vilikuwa vimeisha, lakini kwetu kaskazini ndiyo kwanza vilikuwa vinafika. Nilipanga chumba Kisenyi, nyuma ya gereji, kwa mama mmoja Mnubi tuliyemwita Hajati, mjane wa askari wa zamani. Kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, dirisha la mbao ambalo sikulifungua, na boksi la saksafoni nililolifunika kwa leso ili mtu akichungulia asidhani ni bunduki. Ndivyo tulivyokuwa tukifikiri. Kila kitu kirefu kilikuwa bunduki. Kila gari lililopunguza mwendo lilikuwa linakuja kwako. Hajati aliniona nimekonda akawa ananiletea chakula kwenye bakuli la bati, chapati na mchuzi wa mbuzi, na hakuondoka mpaka nimalize. "Kula, mutoto," alikuwa akisema. "Mutu ya kupuliza chuma, tumbo yake inataka kitu."

Yeye na Mzee Wekesa ndio watu pekee waliojua kwamba nina kaka. Ochan alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya jeshi lililoshindwa. Kazi yake ilikuwa gwaride na sherehe, lakini alivaa sare ile, na mji ulipotekwa aliondoka na wenzake kukimbilia kaskazini, na tangu hapo sikusikia neno lake hata moja. Nilipoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani kama nina ndugu wa kiume nilisema sina. Halafu siku nzima nilitembea nikiogopa kwamba kwa kusema hivyo nimemuua.

Bendi yetu ilipiga Jumapili, kuanzia baada ya chakula cha mchana, kwa sababu hakuna aliyetaka jua limkute njiani likizama. Ukumbi ulikuwa upande wa Ntinda, madirisha yake yamevunjwa na kuzibwa kwa mbao, na mwanga uliingia kwa vipande na kuwaangukia wachezaji mabegani. Mzee Wekesa, aliyekuja Kampala kuuza vipuri vya magari akanaswa na muziki, alikaa kwenye kinanda akatuongoza kwa kichwa: tarumbeta nyuma, trombone kando, saksafoni mbele, na mimi katikati, mwanamke pekee, nikipuliza ubeti mmoja na kuimba unaofuata. Niliimba Kiganda, niliimba Kilingala, na watu wakacheza. Nilipoanza wimbo wa Kiswahili niliwaona wakisita katikati ya hatua. Mji ule Kiswahili ulikijua kwa maneno ya "lala chini" na "fungua mlango". Wapo waliotoka nje mpaka wimbo uishe. Nilimwomba Mzee Wekesa tuuache, akakataa. "Adong, kwetu lugha hii wanabembelezea watoto," alisema. "Hawa waliisikia kwa watu wabaya tu. Endelea kuimba." Niliendelea, lakini kila mara nilipofika kwenye wimbo ule mikono ililowa jasho na vidole vikateleza kwenye vifungo vya saksafoni.

Wakati huo ndipo alipoanza kuja yule mtu. Alikaa meza ya pembeni, mgongo ukutani, shati la kiraia lililopigwa pasi, viatu vya jeshi. Hakunywa kitu wala kucheza. Wimbo wa Kiswahili ulipoanza, wengine wakitoka, yeye alisogeza kiti mbele akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mashtaka. Alikuja Jumapili ya kwanza, akaja tena, akaja tena. Wenzangu wakaanza kuulizana nani kafanya nini. Mwishowe, tulipokuwa tunafungasha vyombo, akapanda jukwaani.

"Wewe ni mutu ya wapi?" akaniuliza.

"Ninakaa Kisenyi, afande."

"Sikuuliza unalala wapi."

Nikamtajia wilaya yetu. Hapakuwa na maana ya kudanganya. Jina langu lilikwisha kusema.

"Kiswahili yako ni nzuri. Ulisoma wapi?"

"Nililelewa kambini, afande. Kambi ya polisi."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi ni Kapteni Baguma. Kesho asubuhi gari itakuja Kisenyi. Usiende mahali." Hakuniuliza nyumba ni ipi. Nikakaa chini juu ya boksi la ngoma mbele ya wote.

Asubuhi ile nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, maana nilisikia kwamba walikopelekwa watu kulikuwa na baridi. Nikampa Hajati ufunguo. Aliuingiza kifuani akaanza kusema dua kwa sauti ndogo. Gari lilipofika nilimkuta Mzee Wekesa amesimama mlangoni kwa suti yake ya jukwaani na tai. "Ninakwenda na mpigaji wangu," akamwambia dereva kwa upole. Dereva alimtazama Mkenya yule mnene mwenye tai, akafungua mlango wa nyuma, tukapanda wote.

Tulifikishwa redioni. Nilijua jengo lile, lakini halikunipa nafuu, kwa kuwa watu walikuwa wamewahi kuingizwa majengo yenye majina mazuri zaidi wasitoke. Tulipitishwa korido ndefu hadi chumba kidogo kilichobandikwa magunia ukutani, meza moja, kipaza sauti kimoja, na kioo ambacho nyuma yake fundi mitambo alikuwa anakula andazi. Kapteni Baguma akatuagizia chai. Sikuweza kuinua kikombe. Nilikiacha kipoe mbele yangu.

"Kuna vijana wengi ya jeshi ya zamani bado wako msituni," akasema. "Wanaogopa kutoka. Wana redio ndogo-ndogo, wanasikiliza. Tunataka mutu ya kwao, mwenye sauti watu wanapenda, awaambie kwa Kiswahili warudi. Hakuna kitu itafanyika kwao. Wewe utasema hivyo kila Jumapili mchana."

Nilisikia maneno yale na nikamwona Ochan mbele yangu, amechutama mahali fulani na redio sikioni. Mdomo wangu ukafunguka kabla sijaupa ruhusa. "Nitajuaje kwamba ni kweli, afande?"

Mzee Wekesa alinikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu.

"Ninakuambia mimi," akasema Kapteni.

"Wao hawakujui, afande. Watanisikia mimi." Sauti ilikuwa inatetemeka, nikaiachia itetemeke. "Niache niwaone waliokwisha kutoka. Nitakayemwona kwa macho yangu, huyo nitamtaja. Nitasema yuko hai. Nisiyemwona sitamtaja."

Fundi mitambo aliacha kutafuna. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, na hata leo ninaweza kueleza jinsi nzi alivyotembea pembeni mwa sahani ya sukari. Kisha Kapteni akacheka kidogo, puani. "Nyinyi watu ya muziki mna kichwa ngumu. Sawa."

Basi ikawa hivyo. Katikati ya wiki nilipelekwa kwenye kambi ya waliotoka msituni, nje ya mji, ukishapita Kyambogo. Waliketi kwenye majani makavu, vijana wenye macho ya wazee, na mimi nikaketi nao tukala posho, yaani ugali, na maharage ya kambini, nikawauliza majina na wangependa kumsalimia nani. Jumapili niliingia kile chumba cha magunia. Taa nyekundu ilipowaka nilisema, "Hapa ni Adong. Wiki hii nimemwona fulani wa kijiji fulani. Ana kidonda mguuni kimefungwa bandeji. Amekula. Anamsalimia mama yake." Baada ya kila jina fundi aliweka sahani ya muziki. Sikusema warudi, na sikuahidi kwamba hakuna kitakachofanyika, kwa sababu sikujua. Nilitafuta Ochan katika kila uso uliokuwa kambini na sikumkuta, na kwa aibu ninayoikumbuka vizuri, kila mara nilishukuru, kwa kuwa kutomkuta kulimaanisha bado hawajamshika.

Niliamini kazi ile itanipunguzia hofu. Iliizidisha, ikaieneza hadi kwa watu wengine. Kwa kuwa kipindi kilikuwa Jumapili, nilifika ukumbini dansi likiwa katikati, nimeshushwa na gari la Kapteni, na wanamuziki niliokuwa nakula nao sahani moja wakawa wananyamaza nikiingia. Mpiga trombone, aliyekuwa kama kaka yangu kwa utani wake, alianza kuniita "nyabo", yaani bibi, kama mtu asiyenijua. Wachezaji walipungua. Waliohesabiwa kuwa na ndugu msituni waliniogopa kwa sababu ya gari lile, na wasiokuwa nao waliniogopa kwa sababu ya kabila langu. Sokoni, nikichagua nyanya, mwanamume mmoja alinisogelea kama anayetaka kupita, akaniambia kwa Kiacholi, lugha yetu, taratibu, bila kunitazama: "Unawaita ndugu zetu machinjioni. Nyuma ya gereji ndiko unakolala." Niliacha nyanya pale pale. Nilipofika kwa Hajati nilikuwa nimeshindwa kukumbuka njia niliyopita.

"Wacha hii maneno ya ledio," Hajati alinisihi, akinipepea kwa pepeo la ukili. "Hawa watakuua, na hawa watakuua. Wewe ni mutoto ya nani katikati?"

Mzee Wekesa hakunifukuza kwenye bendi. Alikuja mwenyewe Kisenyi, akakaa kwenye kigoda kidogo magoti yakiwa karibu na kidevu, akazungukazunguka kwa habari za vipuri na bei ya sukari, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia, "Mzee, Jumapili ijayo sitakuja." Akafuta uso kwa leso. "Watasahau, Adong. Wakisahau utarudi." Nilijua hawatasahau upesi, naye alijua. Nililisukuma boksi la saksafoni chini ya kitanda, na kwa majuma kadhaa midomo yangu iliniuma kama ya mtu mwenye kiu.

Kisha ikaja Jumapili moja ya mvua. Nilikuwa nimekwisha kukaa mbele ya kipaza sauti Kapteni alipoingia, maji yanamtiririka shingoni, akafunga mlango nyuma yake. Sikuwahi kumwona amefunga mlango ule mwenyewe.

"Leo kuna jina moja kubwa," akasema. "Ochan. Ile ya tarumbeta."

Sikuwahi kumtajia jina hilo.

"Unafikiri sikujua? Nilijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana nilikuja kukusikiliza." Akaegemea meza. "Yuko na kundi. Tumepata habari anataka kutoka, wenzake hawataki. Wewe utasema umemwona. Umemwona, yuko hapa, amekula, kama unavyosema siku zote. Kundi likisikia hivyo litatoka lote. Hakuna risasi, hakuna mutu ya kufa."

"Yuko wapi, afande?"

"Yuko njiani."

"Nimemwona?"

"Adong." Alilitamka jina langu karibu kwa huruma. "Yuko njiani. Ni maneno tu."

Alitoka akasimama nyuma ya kioo, kando ya fundi. Watu wameniuliza maswali mengi kuhusu kazi ya redio, jinsi ya kupumua, jinsi ya kushika maneno. Sijawahi kuwaambia kwamba somo lote nililipata katika dakika chache zile za kungoja taa. Nilifikiri: labda amekufa, na wananitumia niite maiti. Nilifikiri: labda yuko chumba cha pili, na nikikataa hatatoka. Nilifikiri pia kuhusu vijana nisiowajua, wameizunguka redio kwenye majani yenye umande, na jinsi nilivyokuwa nimewazoesha kuamini kitu kimoja tu kutoka kwangu. Taa ikawaka. Ulimi wangu ulikuwa mkavu kiasi kwamba neno la kwanza lilitoka kama mkwaruzo wa kiberiti.

"Hapa ni Adong. Leo nimeambiwa kwamba kaka yangu Ochan yuko njiani kuja. Nimeambiwa. Mimi sijamwona." Nyuma ya kioo Kapteni aliweka mkono kwenye bega la fundi. Nikasema haraka, nikidhani watanikata. "Kaka, kama unanisikia, sijakuona. Nikikuona nitasema." Kisha nikaendelea na majina ya wiki ile, mmoja mmoja, kidonda cha huyu na salamu za yule, na sikuinua macho tena. Nilipoinua, Kapteni hakuwapo. Fundi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Sikurudi Kisenyi. Mzee Wekesa alinipeleka kwake Ntinda, na mkewe akanitandikia godoro chumba cha watoto. Nilikaa pale siku ambazo sikuzihesabu, nikikata sukuma wiki ambayo mama yule alikuwa amekwisha kuikata. Kila lori lililopanda kilima cha Ntinda nililisikia tangu chini. Siku gari la Kapteni lilipofika kweli, sikulisikia. Nilikuwa naanika nguo, nikageuka, nikamwona getini.

"Twende," akasema.

Mke wa Wekesa alitaka kuja, alikatazwa. Kapteni aliendesha mwenyewe. Tulipita Kyambogo, wanafunzi wakivuka barabara na vitabu vyao, msichana mmoja akicheka huku amefunika mdomo, na nikamtazama mpaka akapotea, nikiwaza kwamba huyu ndiye mtu wa mwisho nitakayemwona akicheka. Nilisali sala za utotoni, nikazichanganya.

Gari likaingia kambini. Kwenye kivuli cha bohari la mahindi alikaa mwanamume amejifunga blanketi, anamenya viazi vitamu kwa kisu kidogo. Nilimtambua kwa masikio kabla ya uso, kwa kuwa uso ulikuwa umebaki mifupa. Mdomo wa juu ulikuwa na kovu lililouvuta upande mmoja. Hatukukumbatiana. Nilikaa chini karibu naye, nikachukua kiazi nami nikaanza kumenya kwa kucha, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Sikuwa njiani," akasema hatimaye. "Nilikuwa nimekaa katikati yao, redio magotini kwangu. Uliposema niko njiani, waligeuka wote wakanitazama. Mmoja alikwisha kusimama na bunduki. Walidhani nimewauza."

Akachukua kiazi kingine.

"Kisha ukasema hujaniona. Mkubwa wetu akacheka, Adong. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Huyu ana askari nyuma yake, na bado anakataa kusema uongo. Basi na wale wengine aliowataja wako hai kweli.' Asubuhi nusu yetu tukatoka. Wengine walikataa. Sijui walipo."

Hata leo sijui walipo. Baadhi ya waliotoka walirudi makwao wakalima. Wengine waliingizwa jeshi jipya wakapelekwa vitani tena, wakafa huko. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba niliwaokoa, na mama mmoja aliyenililia hadharani kwa ajili ya mwanawe sikumjibu, maana alikuwa na haki. Kapteni Baguma hakuligusa tena jambo lile. Aliniletea majina, akaniacha nichague, na alipohamishwa alikuja kuniaga akasema tu kwamba anaukosa ule wimbo wangu wa Kiswahili. Mimi nikabaki redioni mpaka nywele zikawa nyeupe. Ochan aliishi na kovu lake la mdomo, hakupuliza tena tarumbeta, akafundisha watoto wa shule kuimba, na ugonjwa ukamchukua akiwa kitandani kwake.

Lakini siku aliyoachiwa kutoka kambini nilimleta Kisenyi. Hajati alikuwa amepika tangu asubuhi: pilau, mbuzi, mchicha wa njugu, vyote juu ya mkeka, na mlango wazi mchana ule kwa sababu Ochan hakuweza kukaa ndani ya chumba kilichofungwa. Alikula bila kuinua kichwa. Hajati alikuwa anamwongezea nyama na kumsimulia habari za marehemu mumewe, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kusikia ladha ya chakula, wakati mtu fulani mtaani alipotupa mabati kutoka juu ya lori. Mlio ule ulipasua hewa. Nilipojitambua tulikuwa wote watatu kifudifudi sakafuni, Ochan amenilalia mgongoni kunikinga, shavu la Hajati limo ndani ya pilau. Nje tulisikia wapakuzi wakigombana kuhusu nani kaachia mwisho wa mabati. Hajati ndiye aliyeanza kucheka, wali umemganda usoni, kisha mimi, kisha Ochan, mdomo wake ukivutika upande kwa maumivu. Hakuna aliyethubutu kuinuka. Tulisogeza sinia karibu tukamaliza kula vile vile, tumelala chini.